Mpira wa Bluu Chini ya Boneti

Uliiona. Usiniambie hukuiona, maana simu inaonyesha nani amesoma, na alama ya kusoma ilikuwa mbele ya jina lako. Babu Gia aliandika mchana kweupe kwenye kundi letu la wapenda dizeli, kwa herufi kubwa kama mtu anayeita watu uani: BREKI INAKUWA NGUMU KAMA JIWE NIKISHAPANDA MLIMA, WENZANGU NISAIDIENI. Ukasoma. Ukabandika kikatuni kinacholia kwa kucheka, ukapitiliza kwenda kutazama video ya gari linalotapika moshi mweusi kwenye taa za barabarani.

Mmoja wenu aliandika, "Babu, hiyo ni klachi, breki iko katikati." Mwingine: "Gari la wanaume hilo, mpe mama akuendeshee." Na mwenye kundi, yule mnayemwita Injinia, akafunga mjadala: "Uza gari, nunua baiskeli." Mkampigia makofi. Nakumbuka nani alipiga. Kichwa changu ni kibaya, hakitupi kitu.

Injinia ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu. Na si injinia, ni fundi vigae, na ni fundi kwelikweli: akikutandikia sakafu ya bafu, mistari inakimbia toka mlangoni mpaka ukutani bila kuyumba, utadhani amepiga kwa risasi. Ugonjwa wake ndio huo, kila kitu kinyooke na kifanane. Aliponunua lile gari la dizeli, la milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda, jambo la kwanza halikuwa kuliongezea nguvu. Alifungua boneti akakunja uso. "Shem, ona uchafu huu. Mipira myeusi, waya mweusi, plastiki nyeusi. Injini kama jiko la mkaa."

Nguvu ilifuata. Akaweka tabo kubwa zaidi, ile feni inayosukumia injini hewa, bomba la moshi nene kama mguu wangu, na kijana wa kompyuta akaja na kamba yake akabadilisha hesabu za injini mpaka gari likawa likikanyagwa linakusukuma kifua kwenye kiti. Lakini kilichompa jina kundini ni mipira. Aliing'oa ile myeusi ya kiwandani yote, ya maji, ya hewa, ya kunyonya, akaweka ya silikoni, ya bluu, inang'aa kama pipi. Alipiga picha. Mlishangilia. Mkaitaka. Akaanza kuiagiza kwa mafungu na kuwatumia, na wewe uliyempelekea anwani yako unajijua.

Sasa nikueleze habari ya dada yangu.

Dada ni dereva wa gari la wagonjwa. Ameendesha mvua inanyesha kama inamwagwa kwa ndoo, ameendesha mtoto akizaliwa nyuma yake na muuguzi akipiga kelele "Polepole!" na "Haraka!" kwa pumzi moja. Kazini huenda kwa pikipiki. Asubuhi moja pikipiki ikaamka na pancha, zamu inaanza, akachukua ufunguo wa gari la mumewe msumarini.

"Usilikoroge," shemeji akamwambia akiwa bado na mswaki mdomoni. "Hilo halitaki mkono mzito."

"Baba Watoto, mimi nakula kwa usukani. Wewe unakula kwa saruji."

Barabara ya kwenda hospitalini inapanda kutoka kwetu, kali, mpaka kwenye matangi ya maji juu ya kilima, halafu inashuka upande wa pili na kuishia kwenye geti la hospitali lenyewe. Alichelewa, kwa hiyo alipanda kwa nguvu. Alipoanza kushuka breki ilishika vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili ikawa nzito. Mara ya tatu, anasema, ilikuwa kama kukanyaga ngazi ya zege. Alisimama juu yake kwa miguu yote miwili, makalio yameondoka kitini. Akateremsha gia, akavuta hendibreki, akawa anapiga honi na kupiga kelele. Mlinzi alikuwa ametoka kuinua ule mti wa geti, kama anavyomfanyia kila siku. Dada akalitupa gari ukutani ili asimpitie. Pembe ya gari ikasukuma nguzo, na nguzo ikabana mguu wa mlinzi.

Mguu ulivunjika. Mlinzi ni mzima, na kitandani aliwaambia wote waliomsikiliza: "Yule mama alikuwa ananipigia honi nitoke. Mtu mzembe hapigi honi."

Hawakusikiliza wengi. Mkaguzi wa magari alifika baadaye, gari limekwisha poa, limezimika lenyewe pale ukutani. Akalifungua, akatazama mafuta ya breki, akatazama pedi, akawasha, akakanyaga. Laini. Akalisogeza mbele, akalisimamisha. Likasimama kama mbwa aliyefundishwa. Akasema, "Gari halina kasoro." Unajua maana yake. Gari likiwa halina kasoro, kasoro inabaki kwa aliyekaa kitini.

Msimamizi wa usafiri akamnyang'anya dada funguo za ambulensi mpaka kamati ikae. Kamati ikisema uzembe, basi. Hatashika tena gari la wagonjwa, wala hakuna hospitali nyingine itakayompa. Kwa dada yangu hiyo si kazi tu. Usiniulize nikueleze. Siku ile alirudi nyumbani na koti lake la kazi likiwa limekunjwa chini ya kwapa, na alilikunja vizuri mno.

Nyumbani ndiko yalikoniuma zaidi.

"Labda kiatu kiliteleza," shemeji akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gari ananyoosha bati kwa nyundo ya mpira.

"Breki ilikuwa jiwe."

"Nimekanyaga sasa hivi. Ni siagi."

"Sasa hivi. Mimi nakwambia wakati ule."

"Mke wangu, gari halina wakati ule. Gari ni chuma. Ama ni bovu ama ni zima."

"Kwa hiyo bovu ni mimi."

Akagonga bati. Dada akaingia ndani. Nikabaki mimi na yeye.

"Shemeji," nikasema, "Babu Gia aliandika hivyohivyo. Jiwe. Nikishapanda mlima."

"Babu Gia ni mzee, magoti yamekwisha."

"Na mipira alinunua kwako."

Aliacha kugonga. "Unataka kusema nini?"

"Sijasema. Nimekumbuka."

"Mipira yangu haivuji hata tone. Nimeipima kwa upepo wa kompresa. Inabeba upepo mara tatu ya unaohitajika." Akaanza kugonga tena, kwa nguvu kuliko bati lilivyotaka.

Nilimpigia simu Babu Gia. Ni mstaafu, sauti kama changarawe. Aliposikia mimi ni wa kundi lile alitaka kukata. Nikamwambia yaliyompata dada yangu. Akasema, "Mwanangu, mimi nilifungua boneti kila mara ikitokea. Nasimama pembeni, nazima, nafungua, natazama. Kila kitu mahali pake. Nawasha, breki nzuri. Mpaka mke wangu akaanza kunitazama vibaya, nikadhani nazeeka kichwani."

"Ukafanyaje?"

"Mlinicheka. Nikaliuza."

"Ulimuuzia nani, baba?"

"Mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Ana watoto wadogo. Nilimwambia breki zina matatizo, akasema fundi wake ataangalia. Fundi ataangalia nini? Nambari yake nilikuwa nayo kwenye simu iliyoibiwa."

Niliweka simu chini nikiwa na jambo moja tu mkononi: gari la shemeji ni lazima lipandishwe mlima. Uani litabaki kuwa siagi mpaka kiama. Kilichonichoma ni kwamba mkaguzi alilipima likiwa baridi, shemeji amelipima likiwa baridi, na wote wawili wanajiona wamepima.

Kumshawishi shemeji kulichukua siku nzima na matusi ya kutosha. Mwisho dada mwenyewe alitoka na viatu vya kazi. "Leta ufunguo. Twende pale pale."

"Nitaendesha mimi," shemeji akasema.

"Wewe utaikanyaga breki kwa kuibembeleza ili isikuaibishe. Nakujua. Kaa pembeni."

"Na ikitokea kweli?"

Dada akamtazama. "Si umesema haitokei?"

Akaingia. Shemeji akakaa kushoto kwake, mimi nikajikunja kwenye kile kiti cha nyuma ambacho hakikutengenezwa kwa binadamu. Ilikuwa adhuhuri, jua linachoma bati. Dada akasubiri injini ipate moto, kisha akakanyaga.

Sijawahi kulipenda gari lile, lakini acha niseme kweli: linapanda. Tabo ilipiga mluzi, kichwa changu kikagonga kioo cha nyuma, mishale ya geji ambazo shemeji alizipanga kwenye dashibodi kama vigae ikainuka yote pamoja. Harufu ya mafuta ya moto ikaingia. Shemeji alikuwa anatazama geji ya joto na kulamba midomo.

Kwenye matangi dada alivuka kilele. Chini kulionekana paa za hospitali na, pembeni kabla ya geti, kile kinjia cha changarawe kinachopanda kwenda kwenye nyumba za wauguzi.

"Ikinishinda naingia pale," akasema. "Shikeni."

Alikanyaga mara ya kwanza. Gari likainama pua, likatii.

"Unaona?" shemeji akasema.

Akaachia, likaenda, akakanyaga tena. Nilimwona bega lake likipanda. "Imeanza," akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo nadhani humwambia muuguzi kwamba njia imefungwa.

"Mara ya tatu polepole..." shemeji alianza.

"Ni jiwe. Baba Watoto, ni jiwe, kanyaga mwenyewe!"

Na huyo mume wa dada, mtu mzima, akanyoosha mguu wake wa kulia juu ya mguu wa mkewe, wakawa wanakanyaga pamoja, kiatu juu ya kiatu, na gari likawa linashuka tu. Halikuwa linakimbia kama kwenye sinema. Lilikuwa linashuka kwa ukaidi, likipunguza kidogo kidogo, na hilo ndilo lilikuwa la kutisha, kwamba uko karibu kusimama na husimami. Geti likakua kwenye kioo cha mbele. Mlinzi mpya wa geti akasimama akatutazama mdomo wazi. Dada akaporomosha gia, injini ikapiga yowe, akavuta hendibreki, akakata usukani. Changarawe ikapasuka chini yetu. Tukapanda kile kinjia, tukapoteza nguvu, tukasimama na pua ikitazama kamba ya nguo za watu.

Injini ilikuwa inaunguruma. Nikanyoosha mkono kati ya viti kuzima.

"Usizime!" Shemeji alinipiga kofi la mkono. "Tabo ina moto, utaiunguza!"

Hapo nilitaka kumnyonga. Amenusurika na mkewe, na bado anawaza tabo. Ndiyo desturi yenu, naijua: ukishalikimbiza unaliacha lingurume kwanza, tabo ipumue, mafuta yazunguke, ndipo uzime. Mtu wa kawaida akipata hofu anazima. Babu Gia alizima. Ukutani lilizimika lenyewe. Shemeji yangu hakuzima, kwa kupenda chuma kuliko watu, na akatoka akafungua boneti injini ikiwa inaenda.

Akasimama hivyo hivyo, ameshika boneti.

Nilipofika pembeni yake alikuwa anatazama mpira mmoja. Ule unaotoka kwenye pampu ya kunyonya hewa kwenda kwenye lile kopo kubwa jeusi linalosaidia mguu kwenye breki. Mpira mnene, wa bluu, mzuri. Umelala. Umejibana katikati, bapa, kuta mbili zimegusana kama midomo ya mtu aliyekataa kusema.

Sihitaji kuwa fundi kukueleza. Mipira mingine kazi yake ni kusukumwa kutoka ndani, na ile ya silikoni hapo ni hodari. Lakini huu hausukumwi, unanyonywa. Pampu ya dizeli inanyonya kwa nguvu mchana kutwa. Mpira wa kiwandani una ukuta mnene na nyuzi ndani usijikunje. Ule wa bluu hauna kitu, ni pipi. Ukiwa baridi unajikaza. Ukipashwa moto na injini iliyopanda mlima unalegea, unajinyonya, unajiziba, na breki inabaki bila msaada. Shemeji alikuwa ameupima kwa kuupulizia.

"Dada, kanyaga," nikasema.

Akakanyaga kutoka ndani. "Jiwe."

"Zima sasa," shemeji akasema. Sauti yake haikuwa yake.

Dada akazima. Tukatazama. Mpira ukakaa vile vile kidogo, kisha ukaanza kujaa, taratibu, ukainuka kama kifua cha mtu anayeamka, mpaka ukawa mviringo, unang'aa, hauna kosa. Ungekuja wakati huo usingeona kitu. Mkaguzi hakuona kitu.

Dada alishuka akauona ukimalizia kujaa. Hakulia, hakushangilia. Alisema, "Kwa hiyo sikuwa mimi," kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameanza kuamini kwamba alikuwa yeye. Hilo sijamsamehe mtu.

Shemeji alikaa kwenye changarawe. "Nina ule mweusi wa zamani. Uko bandani. Naurudisha leo. Gari linapona."

"Na mimi?" dada akauliza.

"Wewe si tunajua sasa?"

"Tunajua watatu. Kamati iko wangapi?"

"Mama Watoto, nikisema mbele ya mkaguzi ni mpira wangu, mguu wa yule mlinzi ni wangu. Na watu wote niliowapelekea..." Akashika kichwa.

"Kamati inakaa kesho," dada akasema. "Gari lije na mpira huo huo, lije na moto, lije linaunguruma. Atakayelileta ni wewe. Mimi sitakuomba tena."

Usiku ule sikupata usingizi, na hayo yaishie hapo. Asubuhi nilipita bandani. Ule mpira mweusi ulikuwa ukining'inia msumarini siku zote, na sasa msumari ulikuwa mtupu. Gari halikuwapo. Spana zake ndogo, zile za vibano, hazikuwapo. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikachoka.

Sikumwambia dada. Tulikwenda kwa pikipiki, mimi nyuma yake, nikitazama mgongo wake ulionyooka ndani ya lile koti la kazi. Kwenye ua wa hospitali kamati ilikuwa imetoka nje kwa sababu msimamizi wa usafiri aliomba waone. Mkaguzi alikuwa ametazama saa yake mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu.

"Mama," akamwambia dada, "gari nilishalikagua. Sijui tunangoja nini."

"Tunangoja lipande mlima."

"Mlima gani?"

"Ule."

Mmoja wa kamati akacheka puani. Nikamtazama akaacha.

Na mimi mwenyewe, niseme nini, nilikuwa nahesabu njia za kumtwanga shemeji. Niliona wazi jinsi itakavyokuwa: atafika na mpira mweusi, breki siagi, atasema "labda kiatu kiliteleza", na dada atasimama pale amejaa aibu ya mtu mwingine.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Ule mluzi, kisha bomba. Lilitokea juu kwenye matangi likaanza kushuka. Lilishuka kwa gia ya chini kabisa, polepole, linanguruma kama linajizuia kwa meno, na hendibreki inanuka tangu mbali. Likaingia getini, likapita, likasimama katikati ya ua. Shemeji akatoka bila kuzima. Uso umejaa jasho. Mkono wake wa kulia aliushika kwa ule mwingine.

Hakunitazama. Akafungua boneti.

"Bwana mkaguzi," akasema, "tazama hapa kabla sijazima. Tazama kwanza."

Mkaguzi akasogea. Nikasogea nyuma yake nikiogopa nitakachokiona. Wa bluu. Bapa.

"Huu umelala," mkaguzi akasema.

"Ingia ukanyage."

Mkaguzi aliingia, akakanyaga, akabadili namna ya kukaa, akakanyaga tena akishika usukani kwa mikono miwili. Shingo ikamtoka mishipa. Akatoka pole pole. "Zima," akasema, na akasimama pale amekodoa macho mpira ulipokuwa unajaa, hadi ukarudi mzuri. Akamgeukia msimamizi. "Mimi huzima kwanza. Kila gari, nazima kwanza ndipo nafungua. Ndivyo tulivyofundishwa." "Nani aliuweka huu?"

Nilisikia troli la chakula likipita ndani.

"Mimi," shemeji akasema. "Mke wangu hakujua. Aliniambia, nikamwambia ni kiatu."

Dada alirudishiwa funguo siku ile ile. Hawakumwomba radhi, walimwambia zamu inaanza saa ngapi. Akaenda kwanza wodini kwa mlinzi, na yule mzee akamwambia, "Nilisema mimi. Mtu mzembe hapigi honi."

Baadaye, pembeni ya ukuta, shemeji alinionyesha kiganja. Kilikuwa kimeungua, malengelenge yanatoka. "Nilisimama juu pale kwenye matangi," akasema. "Nilikuwa na ule mweusi kitini. Nimelegeza kibano kimoja, mkono ukagusa bomba la tabo. Nikapiga kelele peke yangu pale kama mwendawazimu. Nikakikaza tena."

Mpaka leo sijui kilichomrudisha ni mkewe au ni ule moto. Simwulizi. Alikuja.

Ningeishia hapo kama angefanya moja tu zaidi. Mlinzi anamtunza, kila Jumapili yuko kule na sufuria. Gari lina mpira mweusi, boneti ikifunguliwa sasa ina doa moja la weusi katikati ya bluu, na huo upotofu anauvumilia. Lakini kundini hajaandika neno. Amefuta zile picha. Amebandika nyingine ya rimu. Mlipoiona mkapiga makofi.

"Baba Watoto, hujawaambia," dada alimwambia juzi wakati wa chakula.

"Nitawaambia taratibu. Mmoja mmoja. Ukisema ghafla watu wanapaniki."

"Mimi nilipaniki kwenye mteremko. Hakuna aliyeniandalia taratibu."

"Watanionaje?"

Dada akaweka kijiko. Akanigeukia. "Mdogo wangu, wewe mdomo haujawahi kukukosa. Andika."

Ndiyo haya. Nimeyaandika na nimeyatuma kote, kundini na nje ya kundi, na akinitoa kundini nitaingia kwa simu ya dada yangu. Sitaki kikatuni chako. Sitaki uniandikie pole. Kama gari lako ni la dizeli na chini ya boneti kuna rangi uliyoilipia kwa ajili ya macho, simama sasa hivi. Usiliendeshe kulijaribu, hakuna mlima wa kujaribia usio na watu chini yake. Fungua boneti, fuata mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kopo la breki, ubane kwa vidole viwili. Ukibonyea kama shavu, ung'oe leo, weka wa kiwandani, mweusi, wa kuchukiza. Na kama kwako haumo, unamjua mwenye nao. Mpigie. Usimwandikie, mpigie, mpaka apokee.

Na yule mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wadogo, aliyenunua gari la dizeli kwa mzee mwenye sauti ya changarawe: yuko kwenye mtaa wa mtu mmoja anayesoma maneno haya. Labda mtoto wako yuko darasani kwake. Toka uende ukamgongee mlango, sasa, kabla hajawasha.